Gari la Kifahari Lenye Waranti: Nani Anadaiwa, na Anadaiwa Wapi?

BMW 7 Series huanza kushuka thamani kabla mwenyewe hajazoea vitufe vyake. Mwaka 2023 kampuni ya Marekani ya iSeeCars, ambayo kazi yake ni kuchambua bei za magari yaliyotumika, ilionyesha kwamba gari hilo hupoteza zaidi ya asilimia 60 ya bei yake katika miaka mitano ya kwanza. Maserati Quattroporte hupoteza zaidi ya hapo. Toyota Tacoma, pikapu ya kubebea mbao na mbwa, haipotezi hata nusu ya kiwango hicho.

Kwa mtu wa kipato cha kati anayependa viti vya ngozi na injini yenye nguvu, hizo ni habari njema. Hasara kubwa ameshaila mnunuzi wa kwanza, naye anakuja kuokota. Kinachomtia hofu ni gereji. Bei ya gari hushuka, lakini bei ya spea zake haitikisiki: giaboksi ya gari lililonunuliwa kwa nusu ya bei bado inauzwa bei nzima.

Ndiyo maana maneno "bado lina waranti" yana nguvu ya kumaliza mazungumzo yadi yoyote duniani. Mnunuzi akiyasikia huuliza imebaki miezi mingapi, akishajibiwa hutoa pochi. Swali hilo ni la pili. La kwanza ni nani anayedaiwa waranti hiyo, na anadaiwa katika nchi gani. Asiyeliuliza anaweza kulipia kitu ambacho muuzaji hana.

Biashara hii imekomaa zaidi Marekani, na sababu yake ni namna Wamarekani wanavyopata magari ya kifahari. Wengi hawayanunui, huyakodi kwa mkataba wa miaka mitatu hivi, wakilipa kila mwezi, kisha huyarudisha na kuchukua mapya. Waranti ya kiwanda ya BMW, Mercedes-Benz na Lexus nchini humo ni miaka minne au maili 50,000, takriban kilomita 80,000, lolote litakalotangulia. Kwa hiyo kila mwaka hurudi sokoni maelfu ya magari yaliyotunzwa vizuri, yenye umri wa miaka mitatu na yaliyobakiwa na kama mwaka mmoja wa waranti. Watengenezaji walikuwa na tatizo la kuyauza bila kuvuruga bei ya magari mapya, na mwaka 1993 Lexus ikaja na mpango wa gari lililokaguliwa na kuthibitishwa na kiwanda chenyewe. Wengine wakafuata mmoja baada ya mwingine.

Lakini neno waranti hutumika kwa vitu vitatu tofauti, na tofauti hizo ndizo huamua nani atalia.

Cha kwanza ni masalia ya waranti ya kiwanda. Hayo kwa kawaida hufuata gari, hayafuati mtu, na hayamgharimu mnunuzi wa pili kitu. Ila saa yake ilianza kuhesabu siku gari lilipokabidhiwa kwa mara ya kwanza au lilipoanza kutumika dukani kama gari la maonyesho, wala si siku ya mauzo ya pili, wala si mwaka wa modeli uliobandikwa kwenye tangazo. Gari la "modeli ya 2023" huweza kuwa barabarani tangu katikati ya 2022. Isitoshe, maili hukimbia kuliko kalenda. Gari lenye miaka miwili na maili 46,000 halina miaka miwili ya waranti iliyobaki. Lina maili 4,000, ambazo mtu anayekaa mbali na kazini huzimaliza katika miezi michache. Wauzaji hupenda kutaja tarehe na kunyamazia maili, jambo ambalo si uongo lakini halitofautiani nao sana.

Tena si kila waranti hufuata gari ikiwa nzima. Genesis, jina la kifahari la kampuni ya Hyundai, huko Marekani humpa mnunuzi wa kwanza miaka kumi au maili 100,000 kwa injini na giaboksi. Mnunuzi wa pili akilichukua gari hilo kwa mtu binafsi, ulinzi huo hushuka hadi miaka mitano au maili 60,000. Tangazo litasema miaka kumi, na kwa mtangazaji ni kweli.

Cha pili ni waranti ya gari lililothibitishwa. Hapa wakala hukagua gari, hubadilisha kilichochoka, na kiwanda huongeza muda. Lexus huongeza miaka miwili bila kikomo cha maili baada ya waranti ya awali kwisha. Porsche vilevile miaka miwili. BMW na Mercedes-Benz mwaka mmoja. Bei hupanda kwa dola elfu kadhaa, na wapo wanaoiona kama kodi ya woga. Kwa gari la Toyota wangekuwa na hoja. Kwa Porsche fedha hizo hununua kitu ambacho fundi wa mtaani hawezi kukiona kwa macho. Kompyuta ya injini ya Porsche huweka kumbukumbu ya kila mara dereva alipoizungusha injini kupita kipimo, na hupanga makosa hayo kwa madaraja sita, kuanzia kukanyaga mafuta kwa furaha mpaka kukosea gia vibaya kiasi cha kuhatarisha valvu. Pamoja na makosa, huandika saa ya injini yalipotokea. Wakala husoma orodha hiyo kabla ya kulipokea gari kwenye mpango, na gari lenye makosa mengi ya madaraja ya juu huweza kukataliwa. Gari hilo halitupwi. Huuzwa kwingine, limeng'arishwa.

Cha tatu ndicho chenye matatizo: mkataba wa matengenezo unaouzwa na kampuni isiyo kiwanda wala wakala wake. Kampuni ya US Fidelis ya Missouri iliuza mikataba ya namna hiyo kwa Wamarekani wengi, ikafilisika mwaka 2010, na waanzilishi wake wawili wakakiri makosa ya jinai. Mwaka 2024 CarShield, inayojulikana kwa matangazo yake ya televisheni yenye watu mashuhuri, ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza madai ya Tume ya Biashara ya Marekani kwamba matangazo hayo yalipotosha wateja kuhusu kile ambacho mkataba ungelipia.

Hata hivyo mfano mashuhuri kuliko yote unaelekea upande mwingine. Mwandishi wa magari Doug DeMuro alinunua Range Rover ya mwaka 2006 kwa muuzaji mkubwa wa magari yaliyotumika, CarMax, wakati waranti ya kiwanda ilikuwa imekwisha zamani. Akalipa dola 3,899 kwa mkataba wa miaka sita au maili 66,000, unaolipia karibu kila kitu isipokuwa vinavyochakaa kwa kawaida. Kisha akawa anasimulia wasomaji wake kila alipoenda gereji, na alienda sana. Mwishoni matengenezo yaliyolipwa na mkataba yalikuwa yameizidi bei ya mkataba wenyewe zaidi ya mara mbili. Visa vyake vilisomwa kwa kicheko, lakini hesabu yake ilikuwa ya maana: muuzaji alikuwa ameuza mkataba kwa bei isiyolingana na gari linaloharibika mara kwa mara. Mnunuzi alikuwa amelijua gari lake kuliko muuzaji alivyolijua.

Nini hasa huharibika? Kwenye magari makubwa ya kifahari, mifuko ya upepo inayobeba gari badala ya springi ni ya kwanza kutajwa na mafundi. Mpira wake ukipasuka kidogo, pampu hufanya kazi muda wote kufidia upepo unaotoroka, mpaka nayo iungue. Dalili yake haihitaji kompyuta: gari lililoegeshwa jioni likiwa sawasawa hukutwa asubuhi limelala upande mmoja. Anayekwenda kukagua gari aende mapema, kabla muuzaji hajaliwasha.

Injini nazo zina historia zake. Mwaka 2008 BMW ilianza kutumia injini ya V8 iitwayo N63, ikiwa na turbo mbili zilizopachikwa katikati ya herufi V, mahali ambapo joto halina pa kwenda. Injini hiyo ikawa inakunywa oili, inamaliza betri, na cheni yake ya taimingi inalegea. Desemba 2014 BMW ya Amerika Kaskazini ilitangaza mpango maalumu kwa wamiliki: sehemu kadhaa zikaguliwe na kubadilishwa bila malipo, na oili imwagwe kila maili 10,000 badala ya 15,000. Mpango ulikuwa wa magari ya huko. X6 na 7 Series zenye injini hiyohiyo zilikuwa zimeshatawanyika dunia nzima kama magari ya mitumba, na mwenye gari kama hilo nje ya Amerika Kaskazini hakuweza kudai chochote kwa mpango huo.

Kuwa na waranti ni jambo moja na kulipwa ni jingine. Madai hukataliwa kwa sababu chache zinazojirudia. Kubwa ni kitabu cha sevisi chenye mapengo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss inamkataza mtengenezaji kumlazimisha mteja kufanya sevisi kwa wakala pekee, kwa hiyo risiti za fundi wa nje zinakubalika, mradi zipo. Nchi nyingi hazina kinga kama hiyo. Sababu ya pili ni kuchezea kompyuta ya injini ili kuongeza nguvu. Audi na Volkswagen wakilipata gari la namna hiyo huliwekea alama ya TD1 katika mtandao wao, na kuanzia hapo madai ya injini na giaboksi huweza kukataliwa kwa wakala yeyote. Aliyelichezea anaweza kuirudisha programu ya awali siku moja kabla ya kuuza. Alama hubaki, na mnunuzi wa pili huijua siku injini inapokufa. Sababu ya tatu ni gari lililoandikishwa na bima kuwa limeharibika kabisa, liwe lilipinduka au lilizama kwenye mafuriko kama ya Kimbunga Harvey cha mwaka 2017. Kwa kawaida waranti yake hufa siku hiyo.

Magari ya aina hiyo hayafi. Hununuliwa kwenye minada ya Marekani, hupakiwa kwenye makontena na kushushwa Falme za Kiarabu, ambako gereji za Sharjah huyanyoosha na kuyapaka rangi. Waswahili wanaoishi Dubai na Maskati wanajua kuuliza kama gari ni la "speki ya Ghuba" au ya Kimarekani. La Ghuba lilitengenezwa kwa mfumo wa kupoza injini na kiyoyozi vinavyohimili joto la jangwani, na waranti yake iko kwa wakala wa huko. La Kimarekani, hata likiwa na mwaka mmoja tu, kwa wakala wa Dubai ni mgeni asiye na makaratasi. Hiyo ndiyo sababu magari mawili yanayofanana rangi na mwaka husimama yadi moja yakitofautiana bei kwa mbali. Yale yenye usukani wa kushoto huendelea mpaka Kongo na Rwanda, na huko nako hutajwa kuwa ni mapya.

Afrika Mashariki tatizo linazidi, kwa kuwa gari la kifahari lililotumika huku kwa kawaida limevuka bahari, na waranti nyingi za kiwanda hufungwa na soko ambalo gari liliuzwa likiwa jipya. Japani ni mfano mzuri. Toyota huko hutoa miaka mitatu au kilomita 60,000 kwa gari zima, na miaka mitano au kilomita 100,000 kwa injini na sehemu nyingine muhimu. Gari likibadilisha mikono ndani ya Japani, mmiliki mpya hulipeleka kwa wakala likaguliwe, hulipia, na kitabu cha waranti huandikwa upya. Gari linalopitia mnadani kwenda bandarini Mombasa au Dar es Salaam halipitii hatua hiyo. Limetoka na kitabu kizuri cha Kijapani ambacho hakuna anayekitambua huku.

Hata watengenezaji wenyewe hawapendi safari hiyo. Land Cruiser 300 ilipotoka Agosti 2021, wauzaji wa Toyota nchini Japani waliwataka wanunuzi watie saini ahadi ya kutoliuza nje ya nchi kwa mwaka mmoja. Magari hayo yakafika nje vilevile, tena kwa bei ya juu kuliko ya dukani, na walioyapokea walikuwa wamelipia mashine mpya isiyo na mdhamini.

Range Rover na Mercedes-Benz nyingi zinazoingia Kenya hutoka Uingereza, kwa kuwa usukani uko kulia na lugha ya vitabu inasomeka. Faida ya Uingereza ni kumbukumbu: serikali yake humruhusu mtu yeyote, bila malipo, kuingiza namba ya usajili kwenye intaneti na kuona kila ukaguzi wa MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa gari, pamoja na maili zilizosomwa siku hiyo. Aliyerudisha maili nyuma hunaswa hapo. Lakini ukaguzi wa kwanza wa MOT hufanywa gari likifikisha miaka mitatu, na waranti ya kawaida ya magari hayo Uingereza ni miaka mitatu pia. Maana yake ni kwamba gari linalonadiwa kuwa lingali na waranti ndilo hasa lisilo na kumbukumbu ya MOT. Muuzaji mwaminifu atatoa rekodi ya sevisi kutoka kwa wakala. Asiyekuwa nayo anaomba kuaminiwa.

Halafu ipo kodi, ambayo kwa Kenya inafanya kazi kinyume na tamaa ya mnunuzi. Tangu 2023 ushuru wa forodha ni asilimia 35. Juu yake hupanda ushuru wa bidhaa, asilimia 25 kwa injini zilizozidi sisi (cc) 1500, na asilimia 35 kwa petroli iliyozidi sisi 3000 au dizeli iliyozidi 2500. Kisha VAT ya asilimia 16 juu ya jumla. Ukizipandanisha kwa Range Rover ya dizeli ya sisi 2993, thamani ya forodha ya shilingi milioni 4 hugeuka milioni 8 na zaidi kidogo ya laki nne, kabla ya ada ndogondogo. BMW ya petroli ya sisi 2998 inaponea chupuchupu daraja la juu, na si ajabu yadi zimejaa injini za namna hiyo.

Thamani ya forodha yenyewe hupunguzwa kadiri gari linavyozeeka, na sheria inaruhusu gari lisilozidi miaka minane. Gari la miaka miwili lenye waranti hai hulipiwa kodi kubwa kuliko la miaka saba lisilo na kitu. Mnunuzi mwenye akili ya hesabu husukumwa kwenye gari kuukuu, na anayeng'ang'ania gari changa kwa ajili ya waranti hulipa kodi ya ziada kwa ajili ya waranti iliyobaki Uingereza. Huu ndio ununuzi mbaya kuliko yote katika mlolongo huu, na ndio unaofanywa na watu wenye fedha nyingi zaidi.

Kuna jambo moja ambalo husahauliwa na linamfaa hata mwenye gari la mitumba. Wito wa kiwanda wa kurekebisha kasoro ya usalama si waranti. Haujali gari liko mkono wa ngapi. Mifuko ya hewa ya Takata, iliyoua zaidi ya watu 20 Marekani pekee, ilifungwa kwenye BMW, Mercedes-Benz na Lexus pamoja na magari ya kawaida. Namba ya chasisi ikiingizwa kwenye tovuti ya mtengenezaji ya nchi lilikotoka, huonyesha kama kazi hiyo ilifanyika. Anayekusudia kununua na afanye hivyo gari likiwa bado lina mwenyewe mwingine, si baada ya kulilipia.

Magari ya umeme yameanza kuleta mjadala huohuo kwa sura mpya. Betri ya Porsche Taycan ina waranti ya miaka minane au kilomita 160,000, ndefu kuliko ya gari lenyewe, na Taycan zilizotumika zimeshuka bei sana Ulaya na Marekani. Kwenye karatasi linaonekana dili. Bila wakala mwenye vifaa na mafundi wa kufungua betri ya volti 800, miaka minane hiyo ni ya mtu wa Stuttgart, mji wa Porsche.

Je, hakuna gari la kifahari lenye waranti ya kweli kwa mnunuzi wa hapa? Lipo, ila ni adimu na halina mbwembwe za yadi. Ni lile lililouzwa jipya na wakala rasmi wa nchini kwa kampuni, ubalozi, shirika la kimataifa au mtu binafsi, likafanyiwa sevisi hapohapo, na linauzwa baada ya miaka miwili au mitatu kwa mnada au kwa wakala yuleyule. Kilomita zake zinajulikana, kodi imeshalipwa, na namba yake ya chasisi imo kwenye kompyuta ya gereji itakayoombwa kulitengeneza. Huwa ghali kuliko lililoshuka melini, na tofauti hiyo inastahili kulipwa. Kwa ndugu walioko Houston, London au Maskati hesabu ni nyingine: huko gari lililothibitishwa na kiwanda ni ununuzi wa busara, mradi hawana mpango wa kulisafirisha nyumbani kabla waranti haijatumika.

Kwa aliyeko Nairobi au Dar es Salaam, kabla ya kutoa hata amana, aombe namba ya chasisi na aipeleke kwa wakala wa aina hiyo ya gari. Aulize kwa maandishi mambo matatu: gari lilianza kutumika lini, waranti inaisha lini na kwa kilomita ngapi, na je, inatambuliwa hapa. Jibu la tatu likiwa hapana, alihesabu gari hilo kama lisilo na waranti, apunguze bei kulingana na hapo, na atenge pembeni fedha za mifuko ya upepo.